Karatasi Isiyo na Wino

3 Machi

Kaka mpendwa,

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikasirika, maana ajabu yako ilikuwa nzuri kuliko yangu. Sasa nimelipiza. Kaa vizuri kwenye kiti.

Binti yangu amenihamishia chumba cha chini, kile tulichokuwa tukiweka mabegi na baiskeli mbovu. Nilimwambia nimechoshwa na ngazi, nataka kuwa karibu na bustani. Dirisha lake ni la mbao, na kwenye ubao mmoja pana tundu la msumari. Asubuhi, jua likishaenea uani, lile tundu linaumwaga ua wetu wote juu ya dari: kamba ya nguo, mashati, kuku wa jirani akipita zake, kila kitu kichwa chini miguu juu, na rangi zake kamili. Jana niliiona blauzi yangu ya njano ikielea darini kama samaki. Kaka, jambo hili nimelifundisha darasani maisha yangu yote, nachora mishale ubaoni kwa chaki, watoto wananakili huku wanasinzia. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe sikuwahi kuliona. Ilibidi kwanza niwe kikongwe.

Namsikia Baba huko aliko: "Imo ndani ya ua wetu? Ni ya kweli? Haijawahi kuletwa?" Naam, Baba, masharti yote yametimia. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa, macho mekundu kwa kuchungulia magurudumu madogo? Anakaa mezani, hagusi chakula, anasema neno moja tu: "Leteni." Na asiye na ajabu ya siku hiyo anaosha vyombo vya nyumba nzima. Leo mimi na wewe tunaoshewa vyombo na watu wengine, lakini kushindwa bado sitaki.

Binti yangu ananiuliza kwa nini hatupigiani simu kama watu wengine. Nimemwambia kwenye simu tunaulizana afya na kudanganyana. Kwenye barua lazima ulete kitu mezani.

Haya, lete.

Mdogo wako,
Kidole


21 Machi

Kidole, mdogo wangu,

Usishtuke kuona mashine. Mkono wangu umeanza kutetemeka, na mpima ardhi mwenye mistari iliyopinda ni aibu kwa kazi yake. Nimenunua taipureta kuukuu kwa fundi wa redio hapa mtaani. Vidole bado vinakumbuka herufi zilipo, tangu enzi za ofisini, ila mashine yenyewe inalia kama punda anayepandishwa mlima.

Ua mzima juu ya dari! Hiyo siwezi kuipita leo, nakiri mapema. Nilikaa nayo siku nzima. Nilimsimulia Mama Jirani, yule muuguzi mstaafu wa mlango wa pili, akasema, "Huyo dada yako akipewa jiwe atakuta lina mlango." Nikamwambia atakuta pia ufunguo.

Yangu ni hii. Chukua vikombe viwili vinavyofanana. Kimoja umimine maji baridi, kingine maji yanayochemka, kwa kimo kilekile. Sikiliza. Maji baridi yanalia kwa sauti nyembamba, kama mtu anayesengenya. Maji ya moto yanalia kwa sauti nzito, kama mtu aliyekwisha kukaa na kuvua viatu. Nimejaribu tena na tena, na sasa hakuna anayeweza kunihadaa kwa chai iliyopoa. Mama Jirani alinijaribu kwa birika tatu. Nilimtajia zote kabla hajaniwekea kikombe mkononi. Aliguna tu.

Miaka yote hii tumekunywa chai, Kidole, na chai ilikuwa inatuambia.

Nikija kwenu nitakuonyesha mwenyewe. Au uje wewe, ukae mwezi. Chumba kipo.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka mpendwa,

Nimejaribu, na ni kweli! Binti yangu amemimina vikombe mpaka sakafu imelowa, akaanza kucheka, halafu akaita watu wa mtaani waje kusikia. Nimekuwa mwalimu wa sayansi, kisha mkaguzi wa walimu wa sayansi, na maji ya chai yamenipita masikioni. Umenishinda. Ile ya dari naiweka chini ya yako, na sisemi hivyo kwa kukuonea huruma.

Lakini nina nyingine. Kwa chini, kile kiti kirefu cha wageni, ambacho nacho kimehamishiwa humu chumbani, hakikupakwa vanishi sawasawa. Fundi alimaliza juu vizuri, chini akapitisha brashi haraka akijua hakuna atakayetazama. Na pale kwenye mguu wa nyuma, vanishi ikiwa bado mbichi, alishika. Dole gumba lake lipo mpaka leo, mistari yote imekaa kama mawimbi, na katikati lina kovu dogo la kukatwa. Tumekalia kiti hicho tangu binti yangu hajazaliwa. Wageni wamekuja, posa imeletwa, misiba imekaliwa, na muda wote huo kulikuwa na mtu mwingine chini amekishikilia.

Kuhusu kuja, usije kwanza. Nyumba imejaa mafundi wa rangi, harufu itakuumiza kifua. Na mimi safari ndefu siipendi siku hizi. Tungoje kidogo.

Nimeanza kumfuatilia nyigu mmoja, yule mwembamba kiuno anayejenga kwa udongo. Anaingia kwa lile tundu la dirisha akiwa na donge la tope, anapotelea chini ya meza ya zamani, meza ya Baba, ambayo sasa wameniwekea humu chumbani ya kuwekea vitu vyangu. Anajenga wapi hasa? Nitakuambia nikijua.

Mdogo wako,
Kidole


4 Mei

Kaka,

Barua yako imefika. Binti yangu aliifungua, akaigeuza huku na huku, akaniambia, "Mama, Mjomba ametuma karatasi nyeupe. Nadhani amezeeka." Alitaka kuitupa.

Nikamwambia anipe. Nikapitisha kidole, nikakuta imejaa mashimo madogo, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa. Nikaomba penseli, nikailaza, nikapaka pole pole bila kukandamiza. Karatasi ikawa ya kijivu na maneno yako yakabaki meupe. Yalitoka moja baada ya jingine kama watoto wanaotoka mafichoni.

Nimeisoma yote. Ajabu yako ya mabati ya paa haina mfano: kwamba jua likipanda, yanaalika bati moja baada ya jingine, kuanzia upande wa chumba chako cha kulala mpaka upande wa jikoni, na wewe ukiwa umelala unaijua saa kwa bati linaloalika. Mtoto wa fundi saa ameishi ndani ya saa bila kujua! Nilipofika hapo niliweka penseli chini nikacheka peke yangu.

Kisha nikaacha kucheka.

Utepe wa mashine yako umekauka, Kaka. Mtu anayeona hawezi kupiga ukurasa mzima bila kugundua kwamba hakuna herufi inayotokea. Nikamwambia binti yangu anitolee barua zako zote kwenye kasha. Nikatafuta rangi. Tangu mwaka jana, hakuna nyekundu hata moja. Hakuna kinachong'aa, hakuna kivuli, hakuna ndege aliyetua mahali. Kila kitu kinalia, kinanukia, kina joto, kinakwaruza. Birika, mabati, mfuko wa chumvi unaokaza mvua ikikaribia, hatua za Mama Jirani unazozijua kwa kandambili. Na mimi, mkaguzi, nimesoma barua hizo zote nikasifu mtindo wako.

Sikuulizi kwa nini ulinificha. Naulizia jambo moja tu: tangu lini huoni?

Na nakuambia jambo moja. Sijui nilie au nipige makofi. Mtu anaondolewa macho, badala ya kusema ameondolewa macho, analeta mezani sauti ya maji ya moto. Baba angesimama.

Kidole


16 Mei

Kidole, mdogo wangu,

Anayeandika ni Mama Jirani, kwa sababu utepe mpya haujapatikana. Nimemwomba aandike ninavyosema bila kuongeza chumvi.

(Sitaongeza, Mwalimu. Ila Mzee Futi hapa anasema kwa haraka na mimi nina kalamu moja. — Mama Jirani)

Ananiita Mzee Futi kwa kuwa nimepima nyumba nzima kwa hatua, kutoka kitandani hadi jikoni, jikoni hadi mlangoni. Sigongi kitu.

(Anagonga. Ana kovu kwenye ugoko.)

Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, kama mtu anayefunga mapazia pole pole, na kufika mwaka jana yakafungwa kabisa. Sikukuambia kwa sababu mchezo wetu ni wa macho. Niliogopa ukijua utaanza kunipa ushindi wa huruma, na ushindi wa huruma ni sawa na kuosha vyombo. Halafu nikagundua kwamba vitu havijapungua hata kidogo. Niliona aibu kukuambia kwamba nina furaha.

(Hapa, Mwalimu, anajifanya anatafuta leso.)

Uliisoma karatasi kwa kidole. Mama alikupa jina hilo kwa sababu kila kitu ulikitia kidole, uji, wino, sikio la paka, na leo kidole chako kimesoma kile ambacho macho ya mwanao yalitaka kukitupa. Mama Jirani aliponisomea hapo alipiga goti lake akasema, "Nataka kumwona huyo mwanamke kabla sijafa."

Lakini na mimi nilikuwa mpimaji. Nimemwomba Mama Jirani anisomee tena barua zako kwa mpangilio. Ajabu ya kwanza ipo darini. Ya pili ipo chini ya kiti. Ya tatu inakwenda chini ya meza. Mtu mzima anayeona dari asubuhi nzima, na chini ya kiti, na chini ya meza, ama amelala ama amelewa, na wewe hunywi. Zaidi ya hapo, mwaka huu hujaleta kitu hata kimoja kutoka jikoni, au ngazini, au kwenye bustani uliyosema unataka kuwa karibu nayo. Ajabu zako zote zinaonekana kutoka sehemu moja, na kimo chake ni kimo cha mto wa kulalia.

Wala hakuna mafundi wa rangi. Nimeinusa barua yako. Inanuka dawa ya kuchua.

Nimekwambia yangu. Sema yako.

Kaka yako
(na Mama Jirani, ambaye sasa naye hana usingizi)


29 Mei

Kaka mpendwa,

Umenipima sawasawa. Sijasimama tangu mwanzoni mwa mwaka. Moyo umechoka, maji yanajaa miguuni, kisha yanapanda. Daktari ni kijana mpole, amekaa ukingoni mwa kitanda akazungukazunguka na maneno mpaka nikamsaidia: "Sema tu, mwanangu, na mimi nimefundisha mfumo wa damu." Akasema si miaka. Nikamuuliza kama ni miezi, akatazama viatu vyake. Basi.

Mama Jirani, kama unasoma hapa, tafadhali usilie juu ya karatasi, kuna mengi mbele.

Kaka, nilikuficha kwa sababu ileile yako, na kwa nyingine. Niliogopa ungekuja ukanitazama. Kumbe usingeweza kunitazama hata ungetaka! Niliposoma barua yako nililicheka hili peke yangu mpaka binti yangu akaja na kidonge.

Sasa nikuungamie jambo zito kuliko ugonjwa. Nilipata kujua nyigu anajenga wapi. Nilimwomba binti yangu aingie chini ya meza na tochi. Akaniambia, "Mama, kuna kikopo." Chini ya meza ya Baba, upande wa magoti yangu, si upande wako, pamepigiliwa kikopo kidogo cha mafuta ya saa kwa misumari miwili. Nyigu amekifanya ukuta wa nyumba yake. Kina kifuniko cha kusukuma, na ndani yake vilikuwemo vitu vitatu: punje ya mahindi, nusu nyekundu nusu nyeupe, skrubu ya saa isiyo kubwa kuliko chawa, inayokaza kwa kuzungushwa kushoto, na ganda la bawa la mdudu, la kijani, ambalo bado linawaka kama lilivyowaka siku ulipoliweka. Maana ni wewe uliyeliweka. Kifuniko kimekwaruzwa alama yako, ile pembetatu uliyochora kila mahali.

Nilikaa na vitu hivyo kifuani kwa siku kadhaa, na mambo yakaanza kujipanga. Mwaka ule nilipoanza kukaa mezani na wakubwa nilikuwa sina kitu. Kila jioni Baba alisema "Leteni," wewe ukaleta, mimi nikaishia kwenye sufuria, nimesimama juu ya kreti, nalia. Halafu ghafla nikaanza kuviona vitu. Mbegu pacha ndani ya kiatu changu. Msumari wenye vichwa viwili chini ya sahani yangu. Nikadhani macho yangu yamefunguka. Baba naye alidhani hivyo, akawa anawaambia wateja kibandani, "Huyu wa mwisho ana macho." Na ilipofika zamu ya kuamua nani aendelee na masomo ya juu, alisema tena maneno hayohayo. Mimi nikapanda treni na sanduku. Wewe ukaenda kushika mnyororo wa kupimia ardhi, jua linakuchoma.

Kama macho yalikuwa yako, Kaka, basi na shule ilikuwa yako. Na nyumba hii, na mshahara, na hao watoto niliowafundisha mishale ya mwanga. Sitaki kufa nikiwa na ushindi usio wangu. Nautandaza mezani mbele yako ili uuchukue. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama ninavyokuonea wewe wiki hizi: mvulana wa miaka kumi na kitu, anaokota vitu vizuri kuliko vyote, anaviweka mahali mdogo wake atakapojikwaa, halafu anakaa kimya na ajabu yake ya kawaida, wakati mwingine anaosha vyombo yeye. Kisha anakaa kimya mpaka uzeeni.

Nimeweka na karatasi ya pili. Hiyo ni yako peke yako. Mama Jirani, usijaribu kuisoma, haina wino.

Mdogo wako,
Kidole


8 Juni

Kidole, mdogo wangu,

Mama Jirani anaandika tena, na hatatia mabano leo kwa sababu pua yake imeziba.

Kwanza karatasi ya pili. Alinipa akasema, "Mwalimu kweli ametuma tupu." Nikaiweka juu ya goti nikapitisha kidole cha shahada. Nikakuta vinundu. Ukubwa wa herufi moja ni kama kiganja cha mtoto. Nikaelewa kwamba umedunga kwa sindano upande wa nyuma, na umeandika kinyumenyume ili kwangu yasomeke sawa, ukiwa umelala chali, na mikono ile yenye maji. Ilinichukua asubuhi nzima. Kualika kwa mabati kulikuwa kumefika upande wa jikoni nilipomaliza neno moja. Neno lenyewe lilikuwa NJOO.

Tangu mwaka jana hakuna mtu aliyeniandikia kitu nikakisoma mwenyewe. Nakuja.

Sasa kikopo. Umekikagua kama mkaguzi, lakini umekosea hesabu. Ni kweli nilikipigilia. Ni kweli mbegu pacha na msumari vilikuwa vyangu, na vingine viwili vitatu. Ulikuwa unalia juu ya sufuria na mimi nilikuwa siwezi kula. Nikajiwekea akiba chini ya meza ili jioni nisihangaike. Lakini sikiliza kilichotokea. Ile punje ya rangi mbili niliitia kwenye ndara yako. Uliikung'uta ikaanguka, hukuitazama hata, ukaja mezani umeshika ndara yenyewe, ukamwonyesha Baba kwamba imelika upande mmoja tu, ukasema, "Mguu wangu mmoja una haraka kuliko mwenzake." Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nikaenda kuiokota punje yangu chini, nikairudisha kikoponi. Skrubu niliiweka kwenye sahani yako. Uliisogeza kwa kidole ili usome ufa wa sahani, ukatuambia unafanana na mto uliopo nyuma ya shule. Bawa la kijani sikuliweka popote. Nilikuwa nimeshaelewa.

Fikiri, mwalimu wa sayansi. Ulivyovihitaji vilitoka kikoponi na havikurudi. Vilivyomo mpaka leo ni vile ulivyovikataa. Hicho kikopo kinashuhudia kwamba tangu wiki ile ya mwanzo uliona kwa macho yako mwenyewe. Baba hakukosea. Na mnyororo niliupenda; kama ningefungiwa darasani ningekufa zamani.

Mama Jirani atanisindikiza. Tunapanda basi la Ijumaa. Mwambie mpwa wangu asinishike mkono mlangoni; aniambie tu kutoka mlangoni mpaka kitandani ni hatua ngapi. Meza isiguswe, nyigu asifukuzwe, na punje uniwekee kikoponi mahali pake nikaiguse.

Ajabu yako ya sindano nimeipima kwa masharti yote ya Baba. Imo ndani ya ua wetu, ni ya kweli, haijawahi kuletwa na mtu yeyote. Mimi sina kitu cha kuweka mbele yake.

Kwa hiyo Ijumaa jioni vyombo visioshwe. Viacheni kwenye karai, hata sufuria zilizoungua. Fimbo ya kuegemea ninayo, na maji ya moto nitayajua kwa sauti.

Kaka yako